Risiti Zote ni Zangu

Jumapili, 5 Oktoba

Tumeanza vita. Mchungaji Timothy ametangaza leo baada ya sadaka: waumini wote tususie maduka ya Hagelund. Tawi la hapa karibu limeanza kuweka vidonge vya dharura vya kuzuia mimba kwenye rafu ya wazi, kando ya dawa za kikohozi. Vile ambavyo nyumbani Kenya tuliviita P2. Nilisimama kuunga mkono kabla hajamaliza kusema. Nilikuwa nimeona mbali: vita huhitaji kamati, na kamati huhitaji mwenyekiti.

Ukafuata mjadala. Kanisa letu lina manesi wengi kuliko waimbaji. Mmoja alisema kidonge kile kinatoa mimba, mwingine akasema hapana, kinazuia tu isitunge, wa tatu akaanza kuchora mirija ya uzazi nyuma ya karatasi ya matangazo. Wazee waliinamisha vichwa wakajifanya wanaomba. Chai ikapoa.

Mwishowe kura. Mwenyekiti: Alice! Alice wa keki! Kila mkutano huleta keki ya ndizi aliyooka "kwa mikono yangu hii miwili", kisha watu hupiga kura kwa tumbo. Mimi nimekuwa mjumbe wa kawaida. Mjumbe wa kawaida, mimi niliyesimama kwanza!

Tukirudi nyumbani Champlin, huku Amerika, Zachariah mume wangu aliniuliza kama mimi mwenyewe nina hakika kidonge kile ni dhambi. Nikamwambia aangalie barabara.

Jumatatu, 6 Oktoba

Janga. Pointi zangu! Zimebaki chache tu nipate lile jiko la umeme la kukaangia viazi bila mafuta, na zisipotimia kufikia mwisho wa mwezi zinafutwa. Miezi kumi na moja ya jasho.

Niandike mambo haya vizuri, dhamiri yangu iyaone. Hagelund, ukitaka bei nafuu, lazima ubonyeze namba ya simu kwenye mashine ya kulipia. Pointi huenda kwa mwenye namba. Mimi na Zachariah tulikuwa kati ya wa kwanza kufika hapa. Kila familia iliyokuja baadaye, Wakenya kwa Wakongo, niliipeleka dukani mwenyewe. Nikawaonyesha makoti ya baridi, maharagwe, sabuni isiyowasha, na kwa kuwa hawakuwa na simu, nikawakaririsha namba yangu. Huduma ya upendo. Kama pointi ziliniangukia mimi, hiyo ni baraka tu. Nadhani siku hizi kila mtu ana namba yake.

Natasha binti yangu amenipakulia programu ya duka kwenye simu. Sasa italia kila risiti ikiingia. Akaniambia, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwamba hata yeye anasusia Hagelund, kwa sababu matawi mengine bado yanavifungia vidonge hivyo kabatini kwa kufuli. Nyumba moja, duka moja, sababu mbili. Na hakuna maziwa kwenye friji.

Nimepata wazo. Nitaenda tawi la Lakeville. Kusini kabisa. Hakuna mtu wetu anayefika huko.

Jumatano, 8 Oktoba

Lakeville. Karibu saa nzima ya kuendesha. Nilivaa miwani ya jua na kofia ya Zachariah ya kuvulia samaki.

Kwenye rafu za sabuni nikagongana na nani? Mzee Gilbert! Mzee wa kanisa, kutoka Blaine, kaskazini kabisa kama kwetu! Tulitazamana. Akakohoa. Akasema amekuja kuchunguza kama vidonge vimefika na huku. Nikasema hata mimi nachunguza. Tukapongezana sana kwa bidii yetu, na kila mmoja akaficha kikapu nyuma ya mgongo.

Alitangulia kulipa. Nikamwona anabonyeza namba bila hata kutazama mashine. Simu yangu ikalia mkobani. Nikafungua. "Asante, Kerubo! Rangi ya ndevu, nyeusi sana, moja."

Miaka yote hii tunasema ndevu za Mzee Gilbert hazizeeki kwa sababu ya kufunga na kuomba!

Nilikaa garini nikasoma zilizotangulia, maana tangu juzi simu ikilia nilidhani ni matangazo ya duka. Tangu Jumapili, risiti kumi na tisa. Kumi na tisa! Unga wa ngano, mchele, kuku wawili, soksi za kazini. Kanisa zima linasusia kwa mdomo na kununua kwa namba yangu. Jumanne jioni: maziwa mazito makopo sita, mdalasini, tangawizi. Nani anaweka mdalasini kwenye chai? Mtu mmoja tu kanisani. Mwenyekiti wetu mpendwa! Sikusoma nyingine. Nilipiga vigelegele peke yangu garini hadi mzungu mmoja akaja kugonga dirisha, akauliza kama niko salama. Nikamwambia sijawahi kuwa salama hivi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Mpango uko tayari. Kesho nitatuma ile risiti ya mdalasini kwenye kundi la WhatsApp la kanisa. Bila matusi. Kwa huzuni. Alice atajiuzulu, na watu watatafuta mtu mwenye msimamo.

Nilimwonyesha Natasha. Akasema hizo ni siri za watu, niziache. Nikamwambia akaoshe vyombo. Akasema ana miaka ishirini na mbili. Nikamwambia vyombo havijui umri wake.

Jumamosi, 11 Oktoba

Ee Mungu wangu.

Saa tatu asubuhi niliandika: "Wapendwa, kwa uchungu mwingi, tazameni ni nani anatuangusha." Kisha nikabonyeza kitufe. Nilitaka iende risiti moja. Zilikwenda zote za wiki nzima, orodha moja ndefu, na juu kabisa, kwa herufi kubwa, jina la mwenye namba: KERUBO.

Watu mia moja na arobaini wakasoma. Mzee Gilbert akatuma picha ya mikono inayoomba. Mtu akauliza kama nimeamua kutubu hadharani. Mwingine akaandika: "Mstari wa kumi na nne???" Nikausoma mstari wa kumi na nne. Jumanne asubuhi: pampasi namba tano, mafuta ya mawese chupa moja, kidonge cha dharura kimoja.

Nilijaribu kufuta. Nikafuta yale maneno yangu ya uchungu peke yake. Orodha ikabaki pale pale.

Saa sita mchana mlango ukagongwa. Merveille. Familia yao ilitoka Kongo miaka mitano iliyopita, na mimi ndiye niliyemfundisha kununua koti. Amembeba Kirezi, mtoto wake wa nne, ambaye bado anavaa pampasi. Kanisani hakuna mwingine anayepikia mawese akiwa na mtoto wa umri huo. Sikuhitaji kuuliza.

Alisema kwa sauti ya chini: "Mama Natasha, ni miye nilinunua. Namba nayo, mukono imezoea tu. Sikufikiri."

Kisha akanieleza. Kirezi alipozaliwa, Merveille alitoka damu mpaka akapoteza fahamu. Nakumbuka. Wiki tatu hospitalini, na mimi nikipeleka supu. Madaktari walimwambia mimba nyingine inaweza kumuua. Jumatatu usiku njia yao ya kupanga uzazi ilikwenda kombo, na Callixte mumewe mwenyewe ndiye aliyempeleka dukani kesho yake, akabaki garini na watoto. Hakuomba nimtetee. Aliniomba tu, kesho watu wakiuliza, nisilitaje jina lake. Alisema huku Amerika hawana ndugu, wana kanisa, na kanisa likianza kumnong'ona hana pengine pa kwenda.

Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka moto. Yote hii kwa ajili ya mdalasini! Nikamchukua Kirezi nikampa biskuti. Kirezi akazimwaga zote zuliani. Nikampa nyingine.

Jumapili, 12 Oktoba

Nilipanga usiku kucha. Mpango wa kwanza: kuugua. Zachariah alinipima joto, nikawa mzima. Mpango wa pili: kusimama na kueleza kwamba nusu ya kanisa hutumia namba yangu. Ukweli mtupu, na Alice angeanguka pia! Lakini wangeanza kugawana mistari, huu wa nani, huu wa nani, na wakifika wa kumi na nne wangegeuka wote kumtazama mtu mmoja aliyempakata mtoto. Sikuwa na mpango wa tatu.

Baada ya ibada nikaitwa mbele. Mchungaji Timothy, mtu mpole, hata hakutaka kuanza. Alice alikuwa ameshika orodha. Merveille alikuwa kiti cha nyuma karibu na mlango, Callixte kando yake, wameshikana mikono.

Alice aliniuliza vitu hivi ni vya nani. Nikasema ni vyangu.

Vyote? Vyote.

Kuku wawili? Vyangu. Pampasi? Zangu, kibofu kimeanza kunisumbua. Pampasi namba tano, za mtoto? Nikasema nimekonda. Mawese? Najifunza kupika sombe, kisamvu cha Kikongo. Rangi ya ndevu? Nikamwona Mzee Gilbert amefumba macho, jasho linamtiririka. Nikasema ni yangu, na kwamba wanawake wa umri wangu wana mambo yao ambayo si vizuri kuyachimba. Maziwa mazito na mdalasini? Nikamtazama Alice machoni nikasema, yangu. Nimeanza kupenda chai mbovu.

Akarudi mstari wa kumi na nne, kwenye kitu cha mwisho. Hakuusoma kwa sauti. Aliuonyesha kwa kidole tu.

"Changu," nikasema.

Nina miaka hamsini na minane. Kanisa lile limejaa manesi. Niliwaona wakihesabu. Mmoja tayari alikuwa ameinua mkono, na nikajua swali lake la kitabibu litaniangusha mimi kisha limwangushe Merveille. Lakini Alice akamtangulia. Alice, miaka ishirini wodi ya wazazi! Aliitazama orodha tena, akainua macho, yakaenda hadi kiti cha nyuma yakarudi. Akakunja karatasi mara mbili. Akasema katika kazi yake ameona mengi, na hili linawezekana kabisa.

Mchungaji akasema tuombe. Aliomba kwa ajili ya ndoa zote. Nimeondolewa kwenye kamati. Zachariah aliketi safu ya mbele ameshika kofia, na sikuthubutu kumtazama.

Jumatatu, 13 Oktoba

Zachariah amenyoa. Amepaka manukato. Anatembea kifua mbele na kupiga mluzi. Kazini kwake Wakenya wenzake walisimama alipoingia, na mmoja mwenye miaka arobaini akamuuliza kwa heshima huwa anakula nini. Nilimweleza ukweli wote jana mezani. Akasema sawa, ameelewa, lakini kuna haja gani ya kuwaeleza watu?

Vitu vinaletwa. Mlangoni nimekuta kuku mzima wa kuchoma bila jina. Soksi pea sita. Mzee Gilbert amenipigia simu, akasema tu kwamba mimi ni mtu muhimu kanisani. Merveille ameleta sombe sufuria nzima. Alinikumbatia pale mlangoni, na mimi nikalia kama mjinga hadi Kirezi naye akalia. Nampenda sana yule mtoto na mama yake. Natasha aliona yote. Akaosha vyombo bila kuambiwa.

Nimeapa. Sitachungulia tena risiti ya mtu maisha yangu yote. Siri ya mtu ni ya mtu. Nimeiandika kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi, 18 Oktoba

Jiko la umeme limefika! Pointi zilitimia Alhamisi, maana watu hawajaacha kununua. Tukisusia kwa staili hii, Hagelund watajenga tawi jingine.

Merveille nimemsajilia namba yake mwenyewe. Ni vizuri zaidi. Lakini nimezikosa zile chupa za mawese kwenye orodha.

Asubuhi nilipeleka dukani familia mpya iliyofika juzi kutoka kambi ya wakimbizi. Mama wa watu hana simu wala koti. Ningefanyaje? Nimemkaririsha namba. Ni huduma.

Nimefikiria pia juu ya Alice. Alichokifanya Jumapili kilikuwa kizuri, nakiri. Kizuri mno. Watu wote wanamsifu kwa busara yake, na kesho anatuita kwake kwa chai, mwenye kujishusha kabisa, ili "tupatane mbele ya wote", na ataoka keki.

Simu imelia sasa hivi. Risiti. Sitaifungua.

Nimeigeuza simu kifudifudi. Nimeiweka chini ya mto. Nimenawa mikono.

Nimeifungua. "Asante, Kerubo! Keki ya ndizi, tayari kuliwa, mbili." Mbili! Kwa mikono yake hii miwili! Kesho nitafika mapema nitafute karatasi za kufungia kwenye ndoo yake ya taka. Zachariah ataendesha. Natasha atapiga picha.