Tisini na Nane kwa Kila Kidole

Mtukufu Naa, chifu wetu unayekalia ngozi ya simba, waheshimiwa wazee wa baraza, Imamu Mkuu, Hajia Mkurugenzi wa Uzinduzi na Naibu wake wa Kukata Utepe, wapiga ngoma mnaoujua ukoo wangu kuliko mimi mwenyewe, wananchi wa Kpanjana, nawasalimu! (Umati unaitikia salamu: "Naaa!") Mbele yenu ni mimi, Alhaji Iddrisu Neindow, Mkuu wenu wa Wilaya na Mwenyekiti wa Kudumu wa Kamati ya Muda ya Usahihi wa Vipima Damu kwa Mwanga.

Ndugu wadau, mnakifahamu kile kibanio kinachobanwa kidoleni zahanati, kikapitisha mwanga, kikasema damu imebeba hewa kiasi gani. Kwa masikitiko makubwa, waliokitengeneza walikijaribu kwenye vidole vyao vyeupe, kwa hiyo kikifika kwenye ngozi yetu, hasa kwenye vidole vya bibi harusi vilivyopakwa hina nyeusi, kinaropoka tu. Ndipo serikali yangu sikivu ikaunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo ikasafiri Ulaya mara nne kuitafiti ngozi yetu. (Sauti: "Kwani ngozi yetu ilihamia huko?" Kicheko.)

Tuligundua, baada ya mchakato shirikishi, kwamba kinacholeta makosa ni mwanga. Tukauondoa! (Makofi ya watumishi wa wilaya.) Leo kibanio chetu hakina mwanga wala betri, na usahihi umepanda hadi asilimia mia moja, maana kikisoma tisini na nane asubuhi, jioni ni tisini na nane ileile, uwe mweusi, mweupe, una hina au huna.

(Mama anasimama, binti mgongoni: "Alhaji, Wumpini wangu anahema tangu alfajiri, midomo imekuwa ya kijivu. Zahanati wamenirudisha, eti ana tisini na nane!")

Hongera sana, mama! Mimi shuleni sikuwahi kupata alama hizo.

("Sikufuata hongera hapa. Nataka mwanangu apewe hewa!")

Mama Azara, usibishane na sayansi.

(Sayibu, fundi baiskeli, anachomoa kiazi kikuu kwenye zawadi za mgeni rasmi, anakibana kwa kibanio kipya. "Jamani, hata kiazi kina tisini na nane!" Umati unaangua kicheko. Azara hacheki.)

Mmeona? Hadi kilimo chetu kina afya! Kpanjana! (Watu wanamgeukia Azara na binti yake.) Kidole chochote, jibu moja! Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi wa mabango aliyeandika tarakimu hizo kwa rangi isiyofutika juu ya vibanio vya kuanikia nguo. Naishukuru kamati, ambayo kusema kweli ni mimi na dereva wangu. Na zaidi nawashukuru ninyi wananchi, kwani kwa vile takwimu zinaonyesha hakuna hata mmoja wenu anayepungukiwa hewa, ile mitungi ya oksijeni waliyotuletea wafadhili tumeirudisha yote.

(Azara anageuka na kuondoka mbio. Dereva anamfungulia mlango wa gari la wilaya: "Panda, mama. Twende hospitali ya mkoa.")

Mama, usinipe mgongo nikihutubia! Asanteni kwa kunisikili... Wewe dereva! Mjumbe! Kikao hakijafungwa!