Waifai ya Bi Subira na Soketi ya Friza

Jumapili, 2 Novemba

Mama, Bi Subira mwenyewe, ametangaza! Baada ya pilau, kabla hata sijanawa mkono. Ijumaa anasafiri kwenda Umra na kundi lake la kinamama, wiki mbili, na anataka akipiga simu ya video kutoka huko aone nyuso zetu sote, wa chini mpaka wa juu, bila picha kuganda. Atakayefikisha waifai kila ghorofa kabla hajaondoka ndiye atakayeachiwa funguo za nyumba. Zote. Geti, ngazi, darini, na kile chumba cha mita.

Funguo hizo ni zangu. Mimi ndiye kifungua mimba. Marehemu Baba alijenga chini, nikapewa mimi. Mama akapandisha ghorofa ya kwanza, ndiko anakokaa. Dada yangu Fauzia alipoachika akapandisha ya pili kwa kushona madera. Kila ghorofa ina mwaka wake, fundi wake, waya zake na mita yake ya umeme wa tokeni. Kuta ni za matumbawe, nene. Mtandao unaingilia sebuleni kwangu (wale vijana wa kampuni niliwapokea mwenyewe, nikawaonyesha ukuta wangu) na unafia ngazini.

Fauzia hakungoja hata chai ije. Akasema yuko fundi wa hapa Ukunda, Lennox, kijana wa bara, amefunga mtandao kwenye hoteli za Diani. Atazifuata waya zilizomo ukutani, moja moja, aone ipi inafaa kutumika.

Azifuate waya! 

Niandike, maana daftari hili halisomwi na mtu. Friza yangu ya kuuzia barafu imechomekwa kwenye soketi ya ukuta wa nyuma, na soketi hiyo inakula mita ya Fauzia. Kuna waya mafundi wake waliuacha ukining'inia wakati wa ujenzi. Mimi niliuunga tu. Si wizi. Ni umeme wa ukoo. Mwaka jana alipolalamika kwamba tokeni zake zinakwisha upesi, nikamshauri kwa nia njema kuwa mlaji ni ile cherehani yake ya umeme. Akaiuza. Sasa anashona kwa ile ya miguu, na tokeni bado zinakwisha. Mimi nifanyeje?

Nimeamua. Lennox asiguse ukuta. Mtandao wa nyumba hii nitaupanga mimi.

Jumatatu, 3 Novemba

Kaja. Hajui shikamoo. Salamu yake kwangu ni "Sasa, mzae?" Mzae, yaani mzee! Nina miaka arubaini na tisa!

Ana penseli sikioni na tochi ya kichwani, mchana wa jua. Kachora nyumba yetu kwenye kipande cha katoni, mistari tele, kila mstari ni waya. Akasema amefanya kazi nyingi lakini hajaona nyumba iliyo na waya za enzi zote namna hii. Eti ni makumbusho. Fauzia akacheka. Sikucheka.

Kisha kagundua waya wa antena ya Baba, wa tangu zama za televisheni yenye mgongo. Umepita kwenye paipu ndani ya ukuta, iliyorefushwa kila ghorofa ilipoongezwa, kutoka darini mpaka chini kwangu. Wazo lake ni kufunga waya mpya wa mtandao kwenye ncha ya ule mkuukuu, kisha auvute kutoka juu, mpya ufuate. Saa moja, kazi kwisha. Hiyo ndiyo elimu ya Diani! Ni akili ya kuvuta ndoo kisimani. Hata mtoto wa chekechea angewaza hivyo, ndiyo maana mimi sikuwaza.

Tatizo ni kwamba kisanduku cha ile paipu kiko nyuma ya friza. Lazima friza isogezwe. Nikamwambia humo mna nyigu. Akasema ana dawa ya kupuliza. Nikamwambia mna nyoka pia. Akatoka mbio mpaka getini. Kijana wa bara na nyoka, mbalimbali!

Nilimpasha Mama habari kwamba fundi ameshindwa. Akauliza kashindwa na nini. Nikasema na elimu.

Jumanne, 4 Novemba

Leo ilikuwa siku yangu. Ilikuwa.

Mama ana kikapu chake cha ukili chenye kamba. Goti haliteremki ngazi, kwa hiyo anakishusha dirishani, muuzaji anatia kitu, Mama anavuta. Nikakitazama kikapu hicho asubuhi, nikaona jibu. Waifai haipiti matumbawe, lakini dirisha ni tundu! Nikaitia ruta, kile kidude kinachorusha waifai, ndani ya kikapu, nikakining'iniza nje katikati ya dirisha langu na la Mama, waya wake nikaupitisha kwenye nondo za dirisha. Fizikia tupu.

Saa mbili, simu ya Mama ikashika. Akaniombea dua kwa sauti, majirani wakasikia. Nikamwangalia Fauzia kwa juu, ingawa yeye ndiye aliyekuwa juu.

Nilimsahau Randu wa samaki. Huyu hutoka Msambweni na pikipiki kila siku saa nne, na miaka yote haongei na mtu. Anaona kikapu, anatia samaki, anaitikisa kamba mara mbili, anakwenda zake. Leo pia. Changu wawili na vipande vya nguru, vyote vinachuruzika maji. Maji ya barafu yangu mwenyewe, niliyomuuzia jana!

Mama akavuta. Goti ni bovu, mikono haina neno. Waya ukakaza, ukachomoka, ukashuka na pazia langu zima. Ruta ikapanda kwa Mama pamoja na kitoweo. Akachungulia dirishani akiuliza nani kaagiza pweza mweusi mwenye pembe. Fauzia alicheka mpaka akajishikilia ukutani. Mtu mzima!

Ruta nimeizika kwenye gunia la mchele. Mke wangu, Dama, anauliza mchele huo sasa tutaupikaje.

Jumatano, 5 Novemba

Ruta ni hai, alhamdulillah. Inanuka lakini ni hai.

Nimekwenda duka la vifaa vya simu, pale karibu na steji ya Ukunda. Muuzaji kanitolea vidude viwili vyeupe. Kimoja unakichomeka kwenye soketi iliyo karibu na ruta, cha pili unakwenda kukichomeka chumba kingine, na mtandao unapita ndani ya waya za umeme zilezile zilizomo ukutani. Hakuna kuchimba, hakuna kuvuta, hakuna Lennox. Kaniapia kwamba nyumba nzima itapata.

Dama akauliza vitakutanaje na kila ghorofa ina mita yake. Nikamweleza kwa upole kwamba umeme ni umeme, mtandao haujui mita. Wanawake na mita!

Nikajaribu. Cha kwanza sebuleni kwangu, cha pili kwa Mama, taa nyekundu. Nikahamishia cha kwanza jikoni kwangu, nyekundu. Chumbani, nyekundu. Kwa Mama nimezunguka soketi zote nne mpaka akauliza kama natafuta kunguni. Kwa Fauzia, nyekundu. Dama akapita na beseni la nguo, hakusema neno. Nilimsikia vilevile.

Ikabaki soketi moja tu, ile ya ukuta wa nyuma. Ni soketi pacha. Tundu moja lina friza, la pili tupu. Nikaiburuta ruta na waya wake mpaka hapo, nikachomeka cha kwanza kwa hasira tu, nikapanda juu kwa Fauzia na kile cha pili.

KIJANI!

Kijani ya kuwaka, na kasi ya ajabu. Nilipiga takbir pale pale, Fauzia akadondosha mkasi. Na kidude cha juu kinatoa waifai chenyewe, inateremka ngazi mpaka mlangoni kwa Mama. Akikaa kiti cha karibu na mlango, anapata. Ghorofa zote! Mimi, bila cheti!

Nimewaza kwa nini ukuta ule ukubali na kuta zote zikatae. Nadhani ni ubaridi wa friza. Vifaa hivi vinapenda baridi.

Alhamisi, 6 Novemba

Mama kazungumza kwa video na shangazi anayekaa Waa, nusu saa. Picha haikuganda hata kidogo, na shangazi alionekana mpaka pengo. Mama akasema mbele ya Fauzia kwamba Iddi ni mwanamume. Fauzia akasema ahsante, kaka, sasa ataweza kuuza madera yake kwenye simu moja kwa moja. Kasema kwa adabu kabisa. Inanikera anapokuwa na adabu.

Nimeagiza Lennox aitwe kesho baada ya swala, aje ashuhudie. Dama akanisihi niache. Akasema nimeshapata nilichotaka, ninyamaze, nipokee funguo zangu kimya kimya. Huyu mke hana tamaa ya maisha. Nishinde, halafu yule wa penseli asione?

Ijumaa, 7 Novemba

Siandiki yote. Mkono hautaki.

Baada ya swala tukakusanyika kwa Mama. Mabegi mlangoni, gari la kwenda ferini linakuja saa tisa, funguo ziko mapajani mwake. Lennox kaingia, na leo kashika adabu, kampa Mama shikamoo. Kakitazama kidude cha Fauzia, kapima kasi, kasema iko fiti sana. Nikavimba! Akauliza cha chini kimechomekwa wapi. Nikawaongoza mwenyewe. Mimi mbele, wao nyuma, Mama na goti lake akashikwa mkono. Nikawaonyesha friza, nikawaonyesha soketi.

Lennox akakuna kichwa. Akasema vidude hivyo anavijua, haviwezi kuvuka mita. Vinaongea tu vikiwa kwenye waya za mita moja. Akauliza, bila ubaya wowote, kumbe chini kwa mzee na juu kwa madam ni mita moja?

Nikasema siku hizi fizikia imebadilika.

Fauzia alichukua funguo mkononi mwa Mama, akatoka, akafungua chumba cha mita, akazima swichi ya mita yake.

Friza ikanyamaza.

Akawasha. Ikanguruma. Akazima. Ikanyamaza. Akawasha tena. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuelezwa, hata Lennox, ambaye alianza kuitazama katoni yake kwa makini sana.

Mama aliuliza neno moja tu. Aliuliza, na ile cherehani je? Fauzia alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, anajifuta machozi kwa pindo la leso. Mwaka mzima amekanyaga ile ya miguu, na joto, na feni hawashi kwa sababu ya tokeni. Niliona haya. Nakiri. Uso uliniwaka, nikatamani kuingia ndani ya friza nijifunike kifuniko.

Mama akahukumu akiwa amesimama. Friza iuzwe, inunuliwe cherehani ya umeme. Funguo kwa Fauzia. Kisha akaniita karibu, nikadhani ananipa mkono wa kwaheri. Kanikabidhi kikapu. Randu atakuja saa nne kama kawaida, kasema, na lazima awepo mtu wa kuvuta kamba.

Lennox aliisogeza friza, akafungua kisanduku. Nyoka hakuwemo. Akafunga waya mpya kwenye waya wa Baba, akapanda, akavuta. Dakika arubaini. Yeye mwenyewe alisema saa moja, kwa hiyo hata hesabu hajui.

Jumapili, 9 Novemba

Friza imeondoka jana. Ukuta wa nyuma uko mtupu. Nimevuta kikapu mara mbili, Randu hajagundua kwamba mikono imebadilika. Fauzia kanipa salamu ngazini, shikamoo kaka, kama hakukutokea jambo. Juu nasikia cherehani ya umeme inakwenda bila kupumzika. Kelele!

Mama kapiga simu leo kutoka Madina. Picha safi, ghorofa zote, hata kwangu. Kasema amenisamehe. Kasema ameniombea pale pale msikitini niongoke, na alikuwa akilia, na mimi nikalia, na Dama akaniletea kitambaa. Moyo umekuwa mweupe kabisa. Nimetubu, na natubu tena hapa kwa maandishi. Mita ya Fauzia siigusi mpaka naingia kaburini.

Baada ya simu nikakaa pale ukuta wa nyuma kutafakari. Lennox hakukifunga kisanduku vizuri. Nimechungulia. Ile paipu ya Baba ni pana, imebaki nafasi ya waya mwingine mzima, na inapita ndani ya ukuta wa jikoni kwa Mama, karibu kabisa na soketi. Kule Waa yuko mtu anauza friza ndogo. Mama hayupo, jokofu lake limezimwa, feni zimezimwa, mita yake imekaa bure wiki mbili nzima. Hiyo si ya Fauzia. Na ni mama yangu mzazi.

Nimempigia tena jioni, nikamuuliza kama alikumbuka kununua tokeni kabla ya kusafiri. Akasema amejaza tele. Kafurahi sana kwamba sasa namjali.