Wito kwa Watazamaji, Nakala kwa Bosi

Jumatatu, 3 Machi

Wafuasi kumi na tisa! Juzi walikuwa kumi na saba. Chaneli yangu inaota mabawa!

Huko mtandaoni naitwa Bwana Barua. Nafundisha umma kuandika barua rasmi. Uso sionyeshi, mikono tu, na nazungumzia ndani ya kikombe cha bati ili sauti isitambulike. Tahadhari. Mimi ni karani wa masjala, na ofisi nzima ni mimi peke yangu niliye kwenye majaribio. Barua yangu ya kuthibitishwa kazini iko mezani kwa Bosi, inasubiri saini tangu Januari. Akijua karani wake ni mtu wa video, hiyo saini nitaisikia redioni.

Kucha, dada wa mapokezi, ana wafuasi elfu sita. Anapaka rangi kucha, basi! Nimemuuliza siri yake kwa kuzunguka, eti kuna binamu yangu anataka kujua. Akasema watazamaji ni kama wageni sebuleni: usipowaambia wakae, watasimama mpaka waondoke. Waambie cha kufanya! Nimepanda ngazi mbilimbili hadi masjala.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoa wito wangu wa kwanza. Rasimu tatu. Mnaombwa (a) kujiunga na chaneli, (b) kuipenda video, (c) kuisambaza kwa ngazi zote husika, (d) kutoa maoni, na (e) kuthibitisha kwa maandishi kwamba (a) hadi (d) zimetekelezwa kabla ya saa kumi jioni. Kazi safi!

Saa kumi jioni: wafuasi kumi na wanne. Watano wametimua mbio.

Dada yangu, ambaye naishi kwake, aliitazama huku akimenya viazi. Akacheka hadi kisu kikamponyoka. Eti mdogo wake anaomba kama hakimu anayesoma hukumu. Omba jambo moja, akasema, na liwe jambo ambalo mtu mwenyewe analitaka ila anaogopa. Nimesoma kumzidi. Inauma kwamba yuko sahihi.

Jumatano, 5 Machi

Jambo moja! Nimelifikiria asubuhi nzima nikiingiza barua rejistani. Watu wanataka nini ila wanaogopa? Jibu lilikuwa mbele ya pua yangu. Kukumbushia! Kila mtu ana ombi lililolala mezani kwa mkubwa fulani.

Saa ya chakula nikajifungia stoo ya mafaili nikarekodi. Ombi lako limelala? Nakili barua hii neno kwa neno, ipeleke kesho asubuhi, kisha rudi uandike hapa chini: NIMEPELEKA. Kielelezo nimekitunga mwenyewe. Kinaanza: "Kwa heshima isiyopungua na subira iliyopungua." Chini kabisa: Nakala, Makao Makuu. Barua bila nakala ni mtu bila viatu.

Jioni: wafuasi mia tatu! Dada ameniambia nishuke kwenye kochi kabla halijavunjika. Kisha akauliza, na wewe utapeleka lini ya kwako? Nikamweleza kwamba mimi ni mtoa wito, si mtekelezaji.

Alhamisi, 6 Machi

Elfu moja na mia mbili! NIMEPELEKA, NIMEPELEKA, ukurasa mzima! Nimeshindwa kumeza chai.

Saa mbili na nusu dereva wa ofisi akaniletea barua. Nikaigonga mhuri, nikaisoma ili niiingize rejistani. Kwa heshima isiyopungua na subira iliyopungua. Maneno yangu mwenyewe!

Akafuata mlinzi. Akafuata mama wa usafi, akaniambia, mwanangu, mhuri usipinde, Bwana Barua kakataza. Akafuata Kucha. Kufikia mchana nilikuwa na barua thelathini na moja, ofisi nzima, zote kwa Bosi! Likizo, uhamisho, viti vilivyovunjika. Na anayempelekea Bosi barua ni nani? Mimi.

Alisoma ya kwanza. Akasoma ya pili. Ya tatu akavua miwani. Akauliza Bwana Barua ni nani. Nikajibu simfahamu, kwa sauti ya mbu. Akaagiza nimchunguze huyo mtu na nimletee taarifa kesho saa tatu. Nijichunguze mwenyewe!

Ijumaa, 7 Machi

Taarifa nimeiwasilisha. Hitimisho: mhusika hajulikani, ila barua zake zina mpangilio bora. Nilijizuia, nikashindwa.

Bosi hakuisoma. Makao Makuu walikuwa kwenye simu! Wamepata nakala thelathini na moja na wanataka kila mwandishi ajibiwe kabla ya ofisi kufungwa. Bosi akatia saini hadi akabadilisha mkono. Dereva kapata likizo, akacheza kwenye korido. Mama wa usafi kapata uhamisho. Kucha kapata kiti kinachozunguka, na kimemzungusha mchana kutwa.

Nikasubiri barua ya thelathini na mbili, ile ya kunithibitisha. Haikuja. Bosi akaniuliza, kwani wewe uliandika? Nikasema sikutaka kumsumbua, mzee. Akasema asiyefuatilia barua yake atafuatiliaje za wenzake, na majaribio yangu yameongezwa miezi mitatu. Akaniagiza niichape mwenyewe barua ya nyongeza hiyo. Nimeichapa. Imependeza sana.

Jumamosi, 8 Machi

Dada kasema mganga hajigangi. Kasema Jumatatu niingie kwa Bosi, nifunge mlango, niombe kwa mdomo wangu, dakika mbili zinatosha. Kwa mdomo! Uso kwa uso! Huyu hajawahi kuziona nyusi za Bosi.

Na kwa nini niende peke yangu? Wafuasi elfu tatu! Mwenye jeshi haendi vitani mwenyewe. Saa nne asubuhi nimerusha wito mpya, mzuri kuliko yote. Jambo moja tu, kama Dada alivyonifundisha: kila mtazamaji amwandikie Bosi wangu leo hii, anwani nimeiweka hapa chini, amtake amthibitishe kazini mara moja mfanyakazi wake mmoja aliyeonewa.

NIMEPELEKA mia nne tayari, na jua halijafika utosini!

Bosi hatajua kamwe kwamba ni mimi. Nimeikagua video mara tatu: jina langu, cheo changu na idara yangu sikuvitaja popote.