Kibali cha Kukausha Povu

Tak. Kisha kimya. Gizani kabla ya alfajiri, jokofu la Jouda lilikata roho. Umeme wa mji wa Sfax, Tunisia, ulikuwa umekwenda zake tena.

Jouda aliketi kitandani, moyo juu. Mle jokofuni, kati ya harisa ya pilipili na maziwa ya mtoto, zilikuwemo chupa sita za povu: sabuni inayotolewa na bakteria, kazi yake ya miaka mitatu, yenye kung'oa hata mafuta ya zeituni yaliyoganda kwenye mapipa ya kinu cha kukamulia. Ikiwa majimaji, huoza. Ikikaushwa, unga wake hukaa miaka. Alhamisi Waziri angekuja kuuona, na akiukosa, mkataba wa Jouda ungeishia hapo.

Chupa zilikuwa nyumbani kwa sababu nzuri kabisa. Jokofu la maabara lilikuwa limetwaliwa kupoza soda za wageni.

Asubuhi hiyo ya Jumatatu, Idara ya Unyevu ikatoa tangazo kuu. Kuanzia leo, kwa maslahi mapana ya taifa, kitu chochote cha kisayansi kisikaushwe bila kibali. Mwombaji aambatanishe sampuli. Sampuli iwe kavu.

Jouda alikwenda kwa Mkurugenzi wa Idara hiyo, Si Lamjed, yaani Bwana Lamjed, mtu mpole mwenye mihuri mingi kuliko meno.

"Si Lamjed, nitaletaje sampuli kavu kabla ya kibali cha kukausha?"

"Binti yangu, huo ndio utaratibu."

"Na ile mashine mpya ya kukaushia iliyoletwa maabara?"

"Ina utepe. Utepe hukatwa na Waziri. Unataka nikate utepe wa Waziri? Mimi nina familia!"

"Lakini povu linaoza."

"Lioze," alisema Si Lamjed kwa huruma ya kweli, "ila lioze kisheria."

Nyumbani, mama mkwe wake, Ommi Mbarka, alikuwa juu ya paa akigeuza kwa viganja kuskusi, punje za ngano za akiba ya mwaka. Ulikuwa mwezi wa Agosti, mtaa mzima ulikuwa umetandika mashuka ya kuanikia juani.

"We mwanamke, mbona uso kama umemeza ndimu?"

Jouda akaeleza.

"Yaani serikali nzima imeshindwa na kazi niliyoijua nikiwa na miaka saba?"

"Ommi, hii siyo kuskusi."

"Ina maji?"

"Inayo."

"Jua lipo?"

"Lipo."

"Basi lete, usinichoshe."

Walikoroga povu na wanga wa mahindi, wakalitandaza jembamba kama ukoko, wakalifunika kitambaa chepesi. Rihem, binti wa Jouda wa miaka mitano, akafukuza njiwa. Siku ya pili jioni Jouda alitia chembe ya unga kwenye maji yenye mafuta. Povu likapanda, mafuta yakaachia. Machozi yakamtoka.

"Lilia kule," alisema Ommi Mbarka. "Utaulowesha."

Alhamisi Jouda alifika maabara na chupa ya unga mkono mmoja, Rihem mkono wa pili, maana chekechea zilikuwa zimefungwa. Kabla hajasalimia, Si Lamjed alimpokonya chupa, akaiinua mbele ya wageni.

"Mheshimiwa Waziri, unga huu nimeukausha mimi mwenyewe!"

Makofi. Kisha mwanamama mmoja wa msafara wa Waziri akafungua faili.

"Kibali namba ngapi?"

Si Lamjed alicheka. Alicheka peke yake.

"Kanuni yako ya Jumatatu," mwanamama aliendelea, "inasema anayekausha bila kibali anasimamishwa kazi palepale."

"Basi si mimi! Ni mashine!"

"Mashine gani?" Waziri aligusa utepe. "Hii niliyokuja kuizindua?"

Mkuu wa Unyevu alikuwa ameloa jasho mpaka tai. Mwanamama akaazima muhuri wa Si Lamjed mwenyewe, akamsimamisha nao kazi. Wino ulikuwa mzuri sana.

Waziri akageukia ukumbi. "Kibali nimesamehe. Aliyeukausha unga huu ajitokeze, maabara na mkataba ni vyake. Nani?"

Mkono mdogo ukachomoka kwenye kiganja cha Jouda, ukanyooshwa juu kama darasani.

"Tuliuanika mimi na mama na bibi," alisema Rihem.