Kona ya Seng'enge na Kitenge cha Nakonde

Jamani, mwenzenu leo nimevuliwa nguo shambani kwangu mwenyewe. Mchana kweupe. Na aliyenivua ni waya!

Niwaambie mimi kabla hamjasikia kwa wifi yangu Tabu. Ng'ombe wa jirani yangu Simbeye wameshaingia kwenye maharage yangu mara mbili. Mara zote wamepita kwenye kona ya uzio, pale njia ya Itaka, kwa sababu kona ya fundi Haonga ililala kama mlevi wa pombe ya komoni. Na sasa maharage yametoa maua. Wakiingia mara ya tatu, mwaka huu nitakula ugali na chumvi.

Jana Haonga alizisimamisha nguzo upya. Leo asubuhi nikamkuta anafunga waya wa mshazari kinyume kama mwanzo, kutoka juu ya nguzo ya kona kushuka kwenye nguzo ya pili.

"Haonga, ndiyo maana inalala."

"Bibi, mimi nimejenga uzio mpaka Vwawa."

"Basi na Vwawa ng'ombe wanapita."

Akachukua nyundo yake, akaondoka. (Kiburi ninacho, sikatai.)

Shule niliishia darasa la pili, kwa mwalimu Lusajo. Lakini kona naijua. Marehemu mume wangu Yoramu alijenga uzio wa shamba la ushirika pamoja na Jailo Mwampashi na Wedsoni Msongole, na aliyewashikia waya ni mimi. Nguzo mbili, kati yake juu unalaza mti. Waya unatoka juu ya nguzo ya pili, unashuka hadi mguuni mwa nguzo ya kona, unarudi ulikotoka. Unachomeka kijiti katikati ya nyuzi mbili, unasokota. Seng'enge ikivuta, kona inazidi kukaza. Basi.

Nikafungua waya wake, nikafunga wangu, nikaanza kusokota. Mzunguko wa kwanza. Wa pili. Wa tano, waya ukaanza kuimba! Nikasema kwa sauti, "Yoramu, unaona?" Nikasogea karibu zaidi nipate nguvu.

(Hapo ndipo.)

Nilivaa kile kitenge changu alichoniuzia Mama Chanda kule Nakonde, Zambia, akaapa hakichaniki. Alisema kweli. Pindo likaingia kwenye waya, mimi nasokota. Nikahisi kiuno kinabanwa, nikadhani ni uzee. Nikasokota tena mara mbili!

Nilipotaka kurudi nyuma, sirudi. Kuachia kijiti siwezi, kingezunguka kwa kasi kinitoe meno, na yamebaki manne. Kukifungia kwenye ule mti siwezi, bado nusu mzunguko kiufikie, na niliyesokotwa ni mimi. Kuvua kitenge? Ndani nilikuwa na gagulo nililoshona mwenyewe kwa mfuko wa unga wa ngano.

Kidogo nasikia baiskeli. Nani? Nzunda! Mkwe wangu, mume wa Enea, analeta miche ya kahawa. Mtu ambaye, kwa mila zetu za mkwe, tangu amuoe binti yangu hatujawahi kupeana mkono. Tunasalimiana kwa mbali, yeye amechuchumaa, mimi nimegeuka.

Akachuchumaa njiani, akaangalia upande wa Zambia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Habari za huko?"

"Nzuri. Enea anawasalimu. Mnaendelea na kazi?"

"Tunaendelea."

Kijiti kinataka kunitoka.

"Baba, nimenaswa."

"Na nini, mama?"

"Na waya."

"Nije?"

"Usije!"

"Basi nigeuke nione?"

"Usigeuke!"

"Sasa mama, nifanyeje?"

"Niitie mtu."

Akaondoka bila kugeuza shingo, kijana wa watu. Na kati ya watu wote wa kijiji hiki, akamleta nani? Haonga! Nyuma yake wifi yangu Tabu, na nyuma ya Tabu, Simbeye mwenye ng'ombe.

Haonga akaizunguka kona taratibu, anapiga mluzi. "Rahisi tu, Bibi. Nalegeza waya, unatoka."

"Gusa waya wangu uone."

"Basi tukate kitenge."

Nikaangalia kitenge. Nikaangalia maharage.

"Kateni."

Haonga akashika kijiti amalizie kusokota na kukifunga, Tabu akakata. Nikageuka nikimbilie nyumbani, ndipo Tabu akasoma kwa sauti yake ile ya kwaya maandishi ya nyuma ya gagulo, ambayo nimeyafua miaka yote hayatoki:

"UZITO KILO HAMSINI!"

"Mizani mbovu hiyo," akasema Haonga.

Simbeye akakaa chini kwa kucheka. Nzunda kule njiani alikuwa amechuchumaa tena, ametupa mgongo kwa heshima zote. Lakini mabega yalikuwa yanaruka!

Haya. Jioni hii fahali la Simbeye limekuja, likaegemea kona kama lilivyozoea. Likasukuma. Likasukuma tena. Mwisho likajikuna shingo, likaenda zake. Haonga alikuwepo. Aliutazama ule mshazari wangu kwa muda mrefu, na kipande cha kitenge kimesokotwa humo humo.

Kwa hiyo msinicheke. Anayetaka kucheka aje kwanza aisukume ile nguzo. Akiitikisa, nitamwonyesha na gagulo.