Mwimbaji Pazia Arudi Mafichoni

Ndugu Mhariri wa ukurasa wa muziki,

Natumaini u mzima. Mimi ni mbeba zege kwenye ghorofa linalojengwa mbali sana na kwetu. Shule niliiacha njiani, hivyo nikikosea unisahihishe. Nalalamika juu ya mwimbaji tunayemwita Pazia, aliyeimba miaka yote bila mtu kuiona sura yake. Sasa amejiunga na mtandao na kujianika humo kutwa.

1. Ametuvunjia mazungumzo. Mkunja nondo wetu aliapa kwamba Pazia ni mzee kipofu. Mpishi wa kambi alisema ni mwalimu anayewaogopa wanafunzi wake. Mimi nilijua ni mtu wa kwetu, kwa jinsi anavyovuta pumzi. Tulibishana hadi ndoo zikawa nyepesi. Siku hizi mapumziko yakifika kila mtu anainamia simu, anamtazama Pazia akila mayai.

2. Anapiga mswaki mbele ya watu. Ule wimbo wake wa kuagana ulikuwa ukinitoa machozi. Sasa nikiusikia naona povu.

3. Hili ndilo linaloniuma. Mimi nilijifunza kwake. Nikimpigia mke wangu, kamera siwashi. Nilimwambia asiyeonekana hutamaniwa zaidi, amwangalie Pazia. Ukweli ni kwamba nimekonda, na jino la mbele nililiacha kwenye mpini wa toroli. Alinikubalia. Juzi kaniuliza, "Baba watoto, hata Pazia kajitoa. Wewe unaficha nini?" Nikasingizia mtandao, nikakata.

Kwa hiyo naomba mumwandikie ajifiche upya. Akikosa mahali, tutamjengea chumba bure, kisicho na dirisha. Chakula atapitishiwa kwenye tundu, mradi asikipige picha. Na waimbaji wengine wote waingizwe humo humo, tupate kuwapenda kwa utulivu.

Nisalimie wachapaji, wauza magazeti, na mama anayewachemshia chai.

Wako mwenye kinyongo,
Mbeba zege, ghorofa ya sita

Nyongeza: Kabla sijaituma hii, mke wangu alipiga. Kidole changu chenye saruji kikagusa kamera, ikawaka. Alinitazama, kisha akasema, "Hilo pengo linakupendeza. Hebu geuka, nikuone na ubavuni." Nimegeuzwa hadi shingo inauma, na kesho ameniamuru nile mbele yake. Basi mwacheni Pazia. Ila mwambieni mayai anayaunguza.