Uzinduzi wa Kituo cha Wasanii Chipukizi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru; Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye yuko njiani; waheshimiwa wajumbe wa Baraza letu la Sanaa, wa Kamati Tendaji na wa Kamati Ndogo ya Kamati Tendaji, nami nikiwa Mwenyekiti wa zote tatu; wadau wa maendeleo, wazazi, walezi, na nyinyi mliosimama huko nyuma kwa kuwa viti vya mbele ni vya waalikwa: habari za mchana. (Wananchi: "Nzuri.")

Nimesimama katika karakana hii ya fundi wa kuchomelea, nikiwa na furaha isiyo kifani, kuzindua Kituo cha Wasanii Chipukizi, mradi ambao Baraza langu limeusimamia kwa miaka tisa kupitia mchakato shirikishi wenye hatua kumi na saba, ambazo kumi na nne zilikuwa semina elekezi. (Makofi ya meza kuu.)

Mimi ni mtu wa takwimu. Asilimia mia moja ya vijana waliofika ofisini kwetu walikaribishwa. Asilimia tisini na nane walielekezwa kwingine. Asilimia mbili iliyobaki ni yule dada pale, mnayemwita Mkaa kwa sababu anachora kwa mkaa na vidole vyake havitakati. Simama, binti yangu, wakuone. (Mkaa anasimama. Makofi mengi, hasa ya watoto.)

Huyu ni mfano hai. Alikuja kwetu akiwa na miaka thelathini na tatu, amebeba michoro kwenye mfuko alioshonewa na shangazi yake, fundi cherehani, akaomba barua moja tu ya utambulisho ili apangishwe ile stoo iliyo tupu nyuma ya duka la vyombo, afundishe watoto wa mtaa kuchora. Barua ya mistari mitatu. Kuna watu wangeiandika palepale, na hapo ndipo penye tofauti kati ya ubabaishaji na utawala bora. Sisi tulimwambia aunde kikundi. Akaunda. Tukamwambia kikundi lazima kiwe na katiba. Akarudi na katiba. Tukamwambia katiba ipigwe mhuri, na mhuri uko kwetu kabatini, na mwenye ufunguo wa kabati alikuwa semina. Mwezi uliopita karani wangu, kwa umakini wake wa kawaida, akagundua kwamba mwombaji ametimiza miaka thelathini na sita, na kwa mujibu wa sera yetu si kijana tena. (Kicheko kirefu.) Nashukuru kwamba mmeipokea sera kwa furaha.

Muda wote huo, sisi tukiratibu, yeye akawa anafundisha humuhumu kila Jumamosi, fundi akizima mashine yake saa mbili nzima, shangazi akitoa vipande vya kitambaa cha kuchorea. Yote hayo tumeyaandika kwenye ripoti kama mafanikio ya Baraza. Sasa fundi amepata kazi ya mageti, anaihitaji nafasi yake, na watoto kumi na tisa hawana pa kwenda. Hiyo tunaiita changamoto. Binti yangu, waeleze wananchi Baraza limekusaidia nini.

(Mkaa: "Mlinipa benchi la kusubiria, mzee. Nimewachora wote waliokaa pale.")

Benchi. Mmesikia wenyewe. Hayo ndiyo tunayoyaita miundombinu wezeshi.

(Shangazi: "Samahani, Mwenyekiti. Barua ya mtoto inatoka leo?")

Swali zuri sana, mama, na nitalijibu kwa maandishi.

(Mama wa duka la vyombo anainuka kutoka viti vya waalikwa. "Hiyo stoo ni yangu," anasema. "Barua niliitaka mimi, maana nilikuwa simjui huyu dada. Sasa miaka mitatu namwona hapa kila Jumamosi. Mjukuu wangu kanichora mpaka kovu la kidevuni. Sihitaji barua tena. Mwanangu, shika ufunguo, twende tukafagie.")

Baraza linaupokea ufunguo huo kwa niaba ya...

(Mkaa ameshautia mfukoni. Anasema asante, shangazi anamshika bega.)

...kwa niaba ya vijana. Tulieni, ndugu zangu, nimebakiza kurasa nane. (Watoto wanawaomba waalikwa wainuke, kwa adabu, kwa sababu viti ni vya darasa. Kamati Ndogo inainuka. Viti vinatoka mlangoni vikiwa vichwani. Fundi anabeba ufagio.)

Basi nifupishe. Nikisema "Sanaa", semeni "Ni kazi". Sanaa. (Karani peke yake: "Ni kazi.") Chipukizi. (Karani: "Hilo jibu lake halimo kwenye nakala yangu, mzee.")

Kwa kumalizia, namshukuru mchapaji aliyetutolea picha kubwa ya jengo la Kituo, ambayo aliipata kwenye kalenda, kwani jengo letu halikuwahi kuwa na ramani, kiwanja wala fundi. Naishukuru Kamati Tendaji kwa kutolijadili hata siku moja, jambo lililotuepusha na migogoro. Na namshukuru mwenye karakana kwa kutuazima mahali pa kulizindulia. Sasa nakata utepe. Karani, hebu nishikie ncha ya upande ule.